Wanafunzi wa sayansi na politekiniki: juu ya nini wengi wanaachia njiani, na nini inaweza kuwafikisha mwisho

Miaka michache imepita tangu dada yangu mdogo alirudi nyumbani na silabusi zake zote amezifunga ndani ya kitenge, kama mtu anayehama. Alikuwa ametoka kuangalia matokeo ya mwaka wa kwanza wa politekiniki, katika chuo kimoja cha hapa mashariki. Hakulia. Aliweka mzigo chini, akasema: «Yaya, hesabu si zangu.»

Huyu ni mtoto aliyepata diploma ya Serikali mara ya kwanza tu, option ya sayansi. Majirani walikuwa wanamletea watoto wao awafundishe hesabu. Leo anauza inite za telefone kwenye kona ya avenyu yetu. Kazi ni kazi, simdharau. Lakini mimi niko na deni kwake, sababu mwaka ule wote nilimpa shauri moja tu: ajifungie ndani, asome peke yake, aachane na makundi ya marafiki. Niliona ni shauri la mkubwa mwenye akili. Nilikuja kujua baadaye kwamba shauri kama lile linaangusha wanafunzi wengi.

Makala hii inaeleza sababu. Tumeiandika kwa ajili ya wanafunzi, wazazi na walimu, wakati huu ambapo familia nyingi zinauza mbuzi ao kukopa kwa likelemba ili mtoto aingie chuo.

Pudre kichwani, kiisha kimya

Kila mwaka tunaona furaha ya Exetat. Watoto wanamwagiwa pudre nyeupe kichwani, motari wanapiga honi, mama wanaimba barabarani. Mwaka mmoja baadaye, matokeo ya mwaka wa kwanza yakibandikwa ukutani, hakuna pudre. Wenye kuanguka wanarudi nyumbani kimyakimya. Wengine wanarudilia mwaka, wengine wanahamia fakilite wanayodhani ni rahisi, wengine wanaacha kabisa.

Mtu akianguka politekiniki, kemia ao fizikia, watu wetu wanatoa jibu haraka: «Hana akili ya hesabu.» Na kama ni msichana wanaongeza: «Tulimwambia.» Jibu hilo linamaliza mazungumzo. Linazuia pia kuangalia mambo mengine.

Tuangalie basi. Wanafunzi wanaoingia oditwari siku ya kwanza hawatoki fasi moja. Yuko yule wa shule kubwa ya mjini, yenye labo na vitabu. Yuko yule wa Masisi, Fizi ao Djugu, aliyesoma kemia miaka yote kwa chaki tu, bila kugusa hata chupa moja ya labo. Yuko aliyemaliza Pedagojia ao Komersiali na anataka kugeukia uhandisi. Yuko aliyehama sababu ya vita, anayelala kwa mjomba na watu kumi ndani ya nyumba. Wasichana ni wachache, wameketi pamoja kwenye benchi moja. Wote wanafundishwa kwa Kifaransa, hata kama nyumbani ni Kiswahili, Mashi ao Kinande.

Oditwari iko na watu mia kadhaa. Aliyeketi nyuma hasikii vizuri. Mara nyingi profesa anatoka mbali, Kinshasa, Lubumbashi ao Kisangani. Anamaliza kozi nzima ya saa nyingi ndani ya wiki moja ao mbili, anaacha silabusi ya kufotokopi, anarudi. Sekondari mwalimu alikuwa anajua jina lako na jina la baba yako. Hapa, ukikosa siku tatu hakuna mwenye kuuliza.

Na tangu inchi yetu iliingia mfumo wa LMD, mwaka mmoja wa masomo unahesabu kredi 60, lisansi ya miaka 3 ni kredi 180. Kitu ambacho wazazi wengi hawajui: kredi hizo hazihesabu saa za darasani tu. Zinahesabu pia saa ambazo mwanafunzi anafanya kazi mwenyewe. Ni kusema, sehemu kubwa ya masomo inafanyika nje ya oditwari, fasi ambapo profesa hayuko. Hapo ndipo wengi wanapotea.

Hata Marekani wanaanguka

Shida hii si yetu peke yetu. Mwaka 2012, baraza la wataalamu wanaomshauri rais wa Marekani juu ya sayansi liliandika kwamba, kati ya wanafunzi wanaoanza chuo na nia ya kusoma sayansi, teknolojia, uhandisi ao hesabu, hawafiki 40 kwa mia wanaomaliza na diploma ya fani hizo. Na hii ni inchi yenye labo, umeme na intaneti.

Mapema zaidi, mwaka 1997, watafiti wawili, Elaine Seymour na Nancy Hewitt, walitoa kitabu baada ya kuzungumza na mamia ya wanafunzi wa sayansi: wale waliobaki na wale walioacha. Walikuta kwamba walioacha hawakuwa wajinga kuliko waliobaki. Makundi yote mawili yalilalamikia mambo yaleyale: kufundishwa vibaya, mbio za kozi, kukosa mtu wa kuwaelekeza. Tofauti kubwa ilikuwa namna kila mmoja alivyopata njia ya kuvumilia.

Namna gani basi wengine wanavumilia? Jibu moja linatoka Berkeley, katika jimbo la California.

Mtu aliyeamua kwenda kuangalia

Katika miaka ya 1970, Uri Treisman alikuwa kijana anayetayarisha doctorat ya hesabu katika chuo kikuu cha Berkeley. Aliona jambo moja linamsumbua: wanafunzi weusi wengi walikuwa wanaanguka kozi ya kwanza ya hesabu za juu, ile ambayo kwetu tunaita analizi. Na bila kozi hiyo huingii uhandisi wala udaktari. Wakati huohuo wanafunzi wenye asili ya China walikuwa wanapita vizuri.

Aliuliza walimu juu ya nini. Walimpa majibu manne: hawana nia ya kutosha, hawakutayarishwa vizuri sekondari, wazazi wao hawajali masomo, wanatoka familia maskini. Ukisikiliza vizuri, ni majibu yaleyale tunayoyatoa hapa kwetu.

Treisman hakuridhika. Alichukua wanafunzi 20 weusi na 20 wenye asili ya China, akawafwata kwa muda wa miezi 18. Aliingia vyumbani mwao, akaenda nao maktaba, akaangalia wanasoma namna gani. Majibu manne ya walimu yaligeuka kuwa ya uongo. Wanafunzi weusi walikuwa na nia kubwa. Wengi walikuwa wa kwanza katika shule zao za sekondari. Wazazi wao walikuwa wamejinyima sana ili wafike pale. Hata wale wenye matokeo mazuri ya kuingia chuo walikuwa wanaanguka.

Tofauti aliikuta kwingine. Mwalimu aliambia kila mtu: kwa kozi hii, soma kama saa 8 kwa wiki. Wanafunzi weusi walitii. Walisoma saa zao, kila mmoja chumbani mwake, wakamaliza mazoezi, wakayarudisha. Marafiki walikuwa nao, lakini marafiki walikuwa wa kucheka nao, si wa kusoma nao. Wakipata pointi mbaya, hawakuwa na namna ya kujua kama ni wao tu ao ni oditwari nzima. Kila mmoja alifikiri: ni mimi peke yangu sijui.

Wale wenye asili ya China walifikia kama saa 14 kwa wiki. Kwanza kila mmoja alisoma peke yake. Kiisha jioni walikutana, wakapika, wakala, wakalinganisha mazoezi. Kama mmoja alipata jibu lake na wengine wote walipata lingine, alijua palepale kwamba amekosea. Kama wote walikosa, walijua kwamba zoezi ni gumu kweli, na hakuna mwenye kuona haya. Walichukua egzameni za miaka iliyopita, wakaulizana. Mara nyingine kaka ao binamu aliyetangulia alipita kuwajaribu.

Ni hivyo tu. Kundi la kwanza lilifanya vile nilivyomwambia dada yangu. Kundi la pili lilifanya vile nilivyomkataza.

Hawakufungua darasa la wanyonge

Treisman na wenzake wangeweza kufungua darasa la kusaidia wanyonge. Walikataa. Waliona kwamba mwanafunzi aliyekuwa wa kwanza shuleni kwake hataki kuitwa mnyonge, na ukimwita hivyo hatakuja, ao atakuja akiwa ameshavunjika moyo.

Walifanya kinyume. Waliwaita wanafunzi katika vikundi vya watu wenye bidii, wakawapa mazoezi magumu kuliko yale ya kozi. Mazoezi yalichaguliwa ili mtu peke yake apate taabu, lakini wanne wakijadiliana wafike. Msaidizi alizunguka kati ya meza. Hakuandika jibu ubaoni. Aliuliza: umetoka wapi? juu ya nini umegawa hapa? mweleze mwenzako.

Wanafunzi waliopita katika vikundi hivyo walianza kupata pointi nzuri kuliko wenzao ambao hawakuingia, na wengi zaidi walimaliza chuo. Vyuo vingi vya Marekani viliiga namna ile.

Mfano mwingine uko Baltimore, katika chuo cha UMBC. Mwaka 1988, Freeman Hrabowski, mtaalamu mweusi wa hesabu, pamoja na tajiri Robert Meyerhoff na mke wake Jane, walianzisha programu ya kusaidia vijana weusi kumaliza sayansi na uhandisi. Kundi la kwanza liliingia mwaka 1989, lilikuwa na vijana wanaume 19. Wasichana waliingia mwaka uliofwata, na baadaye vijana wa kila rangi. Wanaanza pamoja wakati wa likizo, kabla ya masomo kufunguliwa. Kusoma katika kundi ni lazima. Wanaingizwa labo mapema, wanafwatwa na wakubwa waliotangulia, na wazazi wanaitwa kujua kinachoendelea. Mwenye kupita kozi ya msingi kwa shida anashauriwa kuirudilia, na haionekani kama aibu. Katika programu hiyo alipita Kizzmekia Corbett, mmoja wa wanasayansi waliotengeneza chanjo ya Covid-19 ya Moderna.

Wale wako na pesa, tukubali hivyo. Bourse inaondoa hofu ya kufukuzwa juu ya deni. Lakini angalieni tena ile orodha: kundi la kusoma, mkubwa wa kuelekeza, mzazi anayejua, kurudilia bila aibu. Vitu hivyo vinne havinunuliwi kwa dola.

Na walimu je?

Si haki kuacha mzigo wote kwa wanafunzi. Mwaka 2014, watafiti wa Marekani walikusanya pamoja matokeo ya utafiti 225 juu ya kufundisha sayansi, hesabu na uhandisi. Fasi ambapo mwalimu anasema peke yake na wanafunzi wanaandika tu, walioanguka walikuwa karibu 34 kwa mia. Fasi ambapo mwalimu anasimama, anatoa swali, na wanafunzi wanalifanya hapohapo na majirani wao wa benchi, walioanguka walikuwa karibu 22 kwa mia.

Hii inawezekana hata katika oditwari ya watu mia tano bila umeme. Kila nusu saa, swali moja, dakika tano, geukeni kwa jirani. Na interro moja ndogo katika wiki za kwanza inamwonyesha mwanafunzi fasi anapopungukiwa kabla maji hayajafika shingoni.

Wasichana

Kwa wasichana kuna mizigo mingine juu ya ile. Yule anayerudi nyumbani anakuta vyombo, maji ya kuchota na watoto wadogo. Kaka yake anakuta sahani mezani. Kikundi kikikutana saa moja ya usiku, yeye hawezi kwenda, na tunajua sababu za usalama. Na kuna lile jambo ambalo watu wanalisema chinichini: mwalimu ao asistanti anayeomba mwili wa mwanafunzi kwa kubadilisha na pointi. Si ucheshi wa wanafunzi, ni kosa. Sheria ya 20 Julai 2006 juu ya mateso ya kingono inaadhibu pia mtu anayetumia mamlaka yake kumbana mwingine kwa njia hiyo. Msichana anayesoma peke yake, ambaye hakuna anayejua pointi zake za kweli, ni rahisi kubanwa. Mwenye wenzake wanne waliofanya naye mazoezi yote ana mashahidi.

Tena, watoto wanahitaji kuona mtu. Sandrine Mubenga alikuwa na miaka 17, kule Kikwit, alipopatwa na ugonjwa wa apendisiti. Hospitali haikuwa na umeme. Alingojea siku 3 mpaka mafuta ya jenereta ikapatikana ndipo akapasuliwa. Kutoka hapo aliamua kusoma umeme. Leo ni profesa wa uhandisi wa umeme katika chuo kikuu cha Toledo, Marekani, na alianzisha shirika STEM DRC Initiative linalotoa bourse kwa vijana wa Kongo wanaosoma sayansi. Naye Thérèse Izay Kirongozi ndiye mhandisi aliyetengeneza yale maroboti yaliyowekwa kuongoza magari barabarani Kinshasa. Mweleze binti yako habari za hao wawili kabla jirani hajamwambia kwamba hesabu ni za wanaume.

Namna ya kuanza kikundi, hapa kwetu

Haya yafwatayo hayaombi ruhusa ya rektori wala pesa ya shirika.

Wanne ao watano, si zaidi. Wakiwa kumi, wawili wanafanya kazi na wanane wanakopi. Mchanganyikeni: wa mjini na wa territoire, msichana na mvulana, mwenye labo na mwenye chaki.

Kila mmoja afanye zoezi peke yake kwanza. Bila hii, kikundi kinakuwa fasi ya kunakili. Anayekuja na daftari tupu mara tatu, mwambieni ukweli.

Linganisheni majibu, kiisha tafuteni kosa. Mfano mdogo: jiwe linaachiwa juu ya kisima, linachukua sekunde 1 kufika kwenye maji. Kisima kina urefu gani? Watatu wanapata metre 4,9. Mmoja anapata 9,8. Msimwambie tu «umekosea». Aeleze njia yake kwa sauti, na ataona mwenyewe kwamba alisahau kugawa kwa mbili. Mwenye kueleza anashika kuliko mwenye kuelezwa.

Jadilianeni kwa Kiswahili, andikeni kwa Kifaransa. Mara nyingi mtu anaelewa derivée lakini haelewi sentensi ya swali. Mkishaelewa jambo kwa lugha ya nyumbani, rudini mkaandike jibu kama profesa anavyolitaka, sababu egzameni itakuwa kwa Kifaransa.

Tafuteni egzameni za zamani na mkubwa mmoja. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayepita mara moja kwa wiki, saa moja, anatosha. Asilete majibu, alete maswali.

Kutaneni mchana, fasi ya wazi. Darasa la shule ya msingi baada ya saa nane, sale ya parokia, baraza la mzazi mmoja. Hapo wasichana wanaweza kuja na wazazi wanaona kinachofanyika.

Wewe mzazi, kama hujui hesabu, si kitu. Usimwulize mtoto «umesoma?» peke yake. Uliza: «Leo umesoma na nani? Zoezi gani lilikushinda?» Na siku moja kwa wiki, vyombo vioshwe na kaka.

Kitu ambacho kikundi hakiwezi

Tusidanganyane. Kikundi hakilipi frais. Hakifungui barabara iliyofungwa na vita, wala hakirudishi mwaka uliopotea kambini. Mwanafunzi aliyelala njaa hawezi kushika aljebra, hata akiwa na wenzake kumi. Hayo ni kazi ya Serikali, ya vyuo na ya sisi sote. Na ziko kozi ambazo mtu anajaribu kwa moyo wote, kiisha anaona anapenda kitu kingine. Kuhama kwa kuchagua si kuanguka.

Lakini kati ya wale wanaorudi nyumbani kimyakimya kila mwaka, wako wengi ambao hawakukosa akili, na hata pesa walikuwa wamepata. Walikosa kujua kwamba jirani yao wa benchi naye hakuelewa.

Mwaka huu kijana wa jirani yetu amepata diploma, anataka kuandikwa politekiniki. Mama yake alimleta kwangu nimpe shauri, sababu ninasema kwenye redio na watu wanafikiri ninajua. Nilimwambia atafute wenzake wanne kabla ya kutafuta silabusi. Silabusi zenyewe dada yangu alimpa. Zilikuwa bado ndani ya kitenge kilekile. Kijana alifungua moja, akakuta pembeni ya kurasa maswali mengi yameandikwa kwa biki, na chini ya kila swali nafasi nyeupe ya kungojea jibu. Akamuuliza: «Yaya, haya yote uliuliza nani?»

Dada yangu alimjibu: «Hakuna.» Kiisha akavuta kiti, akamwambia waanze na lile la kwanza.